Kwa Nini Daktari Alimwuliza Baba Majina ya Wanyama?

Safu ya Maswali ya Afya mwezi huu inajibu barua nne kutoka mkoa wa Kigoma. Zote zinagusa jambo moja, nalo ni namna ubongo unavyoathirika polepole kwa mtu ambaye ini lake limesinyaa, na namna vipimo vya maneno na kalamu vinavyoweza kuligundua jambo hilo kabla mgonjwa hajaanza kuchanganyikiwa waziwazi.

SWALI: Shikamoo, daktari. Baba yetu ana umri wa miaka 61. Alikuwa mvuvi wa dagaa, baadaye akafanya biashara ya mawese, na mwaka jana iligundulika kwamba ini lake limesinyaa kwa sababu ya virusi vya homa ya ini B. Anatumia dawa, maji yaliyokuwa yamejaa tumboni yamepungua, na anazungumza vizuri na watu. Hivi karibuni nilimsindikiza kliniki. Daktari kijana alimpima kama kawaida, kisha akamwomba ataje wanyama wote anaowakumbuka, huku yeye akitazama saa. Baba alitaja wanyama 11, wawili kati yao akiwa amewarudia, kisha akanyamaza. Baadaye alipewa karatasi yenye namba zilizotawanywa ili aziunganishe kwa kalamu kuanzia 1, akachukua muda mrefu mno. Tulipotoka alikuwa amekasirika, akisema amefanywa mtoto wa chekechea. Daktari alituambia kwamba ubongo wake umeguswa kidogo na ugonjwa wa ini, akaandika dawa ya maji yenye utamu ambayo mtu wa duka la dawa anasema ni ya kulainisha choo. Baba alisoma hadi darasa la saba na hajawahi kupungukiwa na akili. Je, ni kichaa kinachoanza? Na dawa ya choo inahusiana vipi na kichwa?
Mtoto wa mgonjwa, Ujiji

JIBU: Marahaba. Naomba nianze na lile linaloiumiza familia: baba yenu hana kichaa, wala kipimo alichopewa hakikukusudiwa kutafuta kichaa. Alichokuwa akikitafuta daktari ni upungufu mdogo wa kasi na umakini wa ubongo, ambao mgonjwa mwenyewe mara nyingi hauhisi na ambao mazungumzo ya kawaida hayaufichui.

Ini lenye afya hupokea damu inayotoka utumboni kabla damu hiyo haijaenea kwingineko mwilini. Ndani ya damu hiyo mna amonia, taka ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana, na kazi mojawapo ya ini ni kuigeuza amonia hiyo iwe urea ili itolewe kwa mkojo. Ini likijaa makovu, mambo mawili hutokea kwa pamoja: seli nzima zilizobaki haziimudu kazi, na damu, kwa kuwa imekuta njia imebana, hujitafutia mishipa ya pembeni na kulikwepa ini. Hapo amonia huufikia ubongo kwa wingi kuliko inavyostahili, na seli zinazozihudumia neva, ziitwazo astrosaiti, huigeuza kuwa glutamini. Glutamini ikilundikana, seli hizo huvuta maji na kuvimba kidogo. Uvimbe huo ni mdogo kiasi kwamba picha ya kawaida ya kichwa inaweza kuonekana haina kasoro, lakini unatosha kuupunguzia ubongo kasi.

Hali hii ina ngazi. Mgonjwa akichanganyikiwa siku, akisinzia katikati ya maneno au akipoteza fahamu, hata jirani hutambua, na madaktari humweka katika mojawapo ya madaraja ya mfumo uitwao West Haven, unaofika hadi daraja la 4, yaani mgonjwa asiyeamka kabisa. Chini ya madaraja hayo ipo hali iliyojificha, na ndiyo inayomhusu baba. Miongozo ya pamoja ya wataalamu wa ini wa Marekani na Ulaya ya mwaka 2014 inaeleza kuwa hali hiyo hupatikana kwa asilimia 20 hadi 80 ya wagonjwa wenye sirosisi, yaani ini lililosinyaa na kujaa makovu. Upana wa makadirio hayo usiwashangaze, kwani kila kundi la watafiti lilitumia vipimo vyake na wagonjwa wake, na anayetafuta kwa kipimo kikali zaidi hupata wengi zaidi.

Sasa kwa nini wanyama? Kwa sababu uwezo wa kuzungumza, kusalimiana, kusimulia ya zamani na kujua bei ya mawese huathirika kwa kuchelewa sana, na ndiyo maana baba anaonekana mzima barazani. Kinachotangulia kuathirika ni umakini, kasi ya kuchambua jambo na uwezo wa kuliacha kundi moja la mawazo na kuhamia jingine. Kutaja wanyama kwa sekunde 60 kunayadai yote hayo kwa mpigo. Mtu mwenye ubongo mwepesi huenda kama mchuuzi anayezunguka mialo: huanza na mifugo ya nyumbani, akiona imepungua huhamia wanyama wa porini, kisha ndege, kisha samaki, na wakati wote anakumbuka alikokwisha kupita. Mwenye ubongo uliolemewa na amonia hukwama kwenye mifugo, au humrudia mbuzi aliyekwisha kumtaja. Karatasi ya namba nayo inapima jicho, mkono na umakini kwa pamoja, kwani anayeifanya lazima azitafute namba kutoka 1 hadi 25 zilikotawanyika na kuziunganisha kwa mpangilio, haraka kadiri anavyoweza.

Kuhusu matokeo ya baba, nitakuwa mwangalifu, kwa kuwa sikumwona. Wanyama waliorudiwa hawahesabiwi, kwa hiyo hesabu yake ni 9. Watafiti wa Padova, Italia, ambao mwaka 2017 walichapisha kazi yao juu ya jaribio hili kwa wagonjwa wa sirosisi, walipendekeza kwamba chini ya 10 ni dalili ya kuathirika, kati ya 10 na 15 ni eneo la mashaka, na zaidi ya 15 ni kawaida. Hata hivyo, watafiti haohao waliona kwamba hata watu wazima wenye afya hutaja wanyama wachache zaidi ikiwa wamesoma kwa muda usiofika miaka 8 au wamevuka umri wa miaka 80, na hivyo hesabu yao inapaswa kurekebishwa kabla ya kulinganishwa na vikomo hivyo. Baba yenu alimaliza darasa la saba. Kwa kipimo cha Padova, basi, yumo miongoni mwa wanaostahili marekebisho, na hesabu yake ghafi peke yake isingetosha kumhukumu. Nadhani daktari alilijua hilo, ndiyo maana hakuishia kwa wanyama akaongeza na karatasi ya namba. Majaribio mawili yanayoelekeza upande mmoja yana uzito kuliko moja.

Dawa hiyo tamu bila shaka ni laktulosi. Ni sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga, kwa hiyo hufika nzima kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kuyafanya mazingira ya utumbo kuwa ya asidi. Katika asidi hiyo amonia hubadilika umbo na kushindwa kupenya kuingia kwenye damu, na choo kinapotoka haraka hutoka nayo. Mtu wa duka la dawa hakukosea kusema kuwa inalainisha choo, ila kwa baba kulainika kwa choo ni njia tu ya kuusafisha ubongo. Kinacholengwa ni choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Akipata zaidi ya hapo na kuanza kuharisha, msiendelee na kipimo hichohicho kwa kudhani kwamba nyingi ndiyo bora, kwa sababu kupungukiwa maji na chumvi za mwili huirudisha hali ileile mnayoikimbia. Wasilianeni na kliniki ili kipimo kipunguzwe.

Nyumbani msimfanyie baba jaribio la wanyama kila jioni. Ubongo hujifunza jaribio, akalijibu vizuri kwa mazoea tu, na isitoshe mtamvunjia heshima mzee ambaye tayari ana kinyongo. Angalieni mambo ya maisha yake mwenyewe: je, anapotea katika hesabu ya chenji, anakosea namba ya siri ya kutuma pesa kwa simu, anasahau amefikia rakaa ya ngapi, anasinzia mchana na kukesha usiku, mwandiko wake umeharibika, anajikwaa au kuanguka mara kwa mara? Mke wake au anayelala naye nyumba moja hujua haya kuliko daktari, na ni vema mmoja wenu aingie naye kliniki aseme, tena aseme kwa faragha ikiwa baba ataona aibu. Lakini asipoamshika kwa urahisi, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami au akipata homa, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kutokwa damu na maambukizi ndivyo mara nyingi huibadilisha hali iliyojificha kuwa ya hatari.

SWALI: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya wilayani Kasulu. Tunawafuatilia wagonjwa kadhaa wa sirosisi waliorudishwa kwetu kutoka hospitali ya mkoa. Hatuna mashine ya kupima mawimbi ya ubongo wala kipimo cha amonia. Wengi wa wagonjwa hawa hawakusoma sana, na baadhi wanazungumza Kiha vizuri kuliko Kiswahili. Nianze na kipimo kipi, na je, vikomo vilivyomo kwenye vitabu vya Ulaya vinafaa kwao?
Tabibu, Kasulu

JIBU: Mwenzangu, kwanza usijione maskini kwa kukosa kipimo cha amonia. Amonia ikiwa juu haitoshi peke yake kuthibitisha kwamba ubongo umeathirika, na sampuli iliyochelewa maabara au isiyowekwa kwenye barafu hutoa jibu la uongo. Faida yake kubwa ni kwa upande wa pili: mgonjwa wa sirosisi anapochanganyikiwa huku amonia yake ikiwa ya kawaida, daktari anapaswa kutafuta sababu nyingine.

Kabla ya jaribio lolote la akili, mpime malaria na sukari, uulize kuhusu pombe (gongo ikiwemo), kuanguka na kuumia kichwa, VVU, na dawa za usingizi kama diazepamu. Ubongo unaweza kupunguzwa kasi na kila kimoja kati ya hivyo. Kisha mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama mbele na vidole vikiwa vimetanuliwa. Mikono ikidondoka ghafla na kurudi, tena na tena, hali yake haijajificha tena na hahitaji majaribio ya karatasi. Anahitaji matibabu na kutafutiwa kilichoichochea. Mwulize pia siku, tarehe na mahali alipo. Majaribio madogo tunayoyazungumzia hapa ni ya yule aliyejibu haya yote sawasawa.

Kwa mazingira yako ningeanza na kutaja wanyama, kwa sababu halihitaji kusoma, karatasi wala miwani, na linachukua dakika moja. Ila lifanye kwa nidhamu. Tafuta chumba kitulivu, mweleze mgonjwa kwa adabu sababu ya kumwuliza, na mruhusu achague lugha. Akichanganya Kiha na Kiswahili usimkatize, lakini mnyama aliyetajwa kwa lugha zote mbili mhesabu mara moja. Ndege, samaki na wadudu ni wanyama. Mvuvi wa Kibirizi akikutajia kuhe, mgebuka, sangala na dagaa, usimnyime, ingawa nakiri kwamba mwambao wa Tanganyika unampa faida ambayo mkulima wa Kasulu hana. Amua kanuni zako mapema, kwa mfano kama jogoo na kifaranga watahesabiwa tofauti na kuku, uziandike ukutani, na kila mtumishi azifuate, la sivyo hesabu ya mwezi huu haitalingana na ya mwezi ujao.

Kuhusu vikomo, una haki ya kuwa na shaka. Namba 10 na 15 zilitokana na watu wa Italia, na hata jaribio la karatasi linaloaminika zaidi, lenye sehemu tano, lililoandaliwa Hannover, Ujerumani, huchukuliwa kuwa halitumiki ipasavyo mpaka nchi husika ipate viwango vya watu wake wenye afya kwa umri na kiwango cha elimu. Sehemu hizo tano ni kuunganisha namba, kuunganisha namba na herufi kwa kupokezana, kujaza alama zinazolingana na tarakimu, kuweka nukta ndani ya miduara, na kupitisha mstari kati ya mistari miwili bila kuigusa. Mtu asiyeshika kalamu kila siku atashindwa hata ini lake likiwa zima. Ushauri wangu wa vitendo ni kwamba uwaulize pia ndugu wenye afya wanaowasindikiza wagonjwa, wenye umri na elimu inayokaribiana nao, uandike majibu yao. Hilo halitakupa kikomo rasmi, lakini baada ya muda utajua wanyama wangapi ni kawaida kwa mtu wa kijijini kwako. La thamani zaidi ni kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe: aliyetaja 17 akiwa mzima kiasi, kisha akataja 10, amebadilika, hata kama 10 ingekuwa kawaida kwa mwingine.

Yapo majaribio mengine utakayoyasikia. Jaribio la Stroop, ambalo sasa lina programu ya simu, humtaka mgonjwa ataje rangi ya maandishi huku neno lenyewe likitaja rangi nyingine. Ni zuri, lakini linadai kusoma na macho yanayotofautisha rangi. Lipo pia la mwanga unaomemeteka, ambapo asiyeona mmemeteko huo mpaka kasi yake ishuke chini ya mara 39 kwa sekunde huhesabiwa kuwa na mashaka, nalo linahitaji kifaa chake maalumu. Maswali ya kawaida ya kupima usahaulifu wa wazee hayafai hapa, kwani mgonjwa wa aina hii huyapita kwa urahisi.

Kwa kuwa uko mkoa wenye kichocho cha tumbo, kumbuka pia kwamba si kila mwenye bandama kubwa na mishipa ya koo iliyovimba ana sirosisi. Kichocho hukaza njia za damu ndani ya ini huku seli zake nyingi zikiwa bado zinafanya kazi, kwa hiyo ubongo wa wagonjwa hao mara nyingi hubaki salama kwa muda mrefu, ingawa baada ya kutokwa damu nyingi nao wanaweza kuathirika.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mume wangu anaendesha gari la abiria kati ya Kigoma na Kasulu. Ana sirosisi, na alipopimwa kwa karatasi akaambiwa ubongo umepungua kasi. Yeye anasema anaendesha vizuri kuliko vijana. Nifanyeje?
Mke wa dereva, Mwanga

JIBU: Nzuri, mama. Kujiona dereva mzuri hakumtoi kwenye shaka, kwa sababu ugonjwa huu hupunguza hata uwezo wa mtu kujitambua kuwa amepungua, na wagonjwa walipojaribiwa barabarani mbele ya mkufunzi, baadhi ya waliojisifu ndio waliofanya makosa. Wakati huohuo, karatasi peke yake haithibitishi kwamba mtu hawezi kuendesha. Wapo walioshindwa karatasi na wakaendesha salama. Lakini yeye anabeba abiria, na kwa anayebeba roho za watu wengine ningetaka tahadhari izidi. Apumzike usukani hadi atakapokuwa ametibiwa na kupimwa tena, na uamuzi wa kurudi ufanywe na daktari wake akiwa amesikia maelezo yako. Ikiwa amewahi kuchanganyikiwa waziwazi hata mara moja, asiendeshe kabisa mpaka daktari aseme vinginevyo. Mwambie daktari pia kama amewahi kukosea njia, kuchelewa kufunga breki au kusinzia kwenye usukani. Hilo hatalisema mwenyewe, na usijione msaliti kwa kulisema. Pikipiki nayo ihesabu kuwa ni chombo cha moto kama gari.

SWALI: Shikamoo, daktari. Majirani wananiambia mgonjwa wa ini aliyeanza kusahau asile dagaa, nyama wala maharage, kwa kuwa vinapanda kichwani. Nimemnyima mama vyote hivyo, sasa amekonda sana. Pia Ramadhani inakaribia na anataka kufunga.
Binti, Uvinza

JIBU: Marahaba, binti. Mrudishie chakula leo. Ushauri huo uliwahi kutolewa hata na madaktari wa zamani, lakini umeachwa kwa sababu unadhuru. Misuli nayo huiondoa amonia kwenye damu, kwa hiyo mgonjwa anayekonda anapoteza msaidizi wa ini lake, na mwili wenye njaa huivunja misuli yake mwenyewe na kuzalisha amonia zaidi. Kiasi kinachopendekezwa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani kama ana kilo 60 apate gramu 72 hadi 90 kwa siku, zikigawanywa katika milo midogo mingi. Maharage, kunde na karanga huvumiliwa vizuri na wagonjwa wengi, na nyuzinyuzi zake husaidia choo. Dagaa pia wanafaa. Chumvi ndiyo ya kupunguza ikiwa tumbo limejaa maji, nami najua namwandikia mtu wa Uvinza, kwenye chumvi yake; basi dagaa waliotiwa chumvi waachwe.

Kabla ya kulala apate kitu, kama bakuli la uji wenye maziwa au karanga, ili usiku usiwe mrefu bila chakula. Kwa sababu hiyohiyo, kufunga kuanzia alfajiri hadi magharibi kunamweka katika hatari, hasa kwa kuwa anakosa maji na pengine dozi ya dawa ya mchana. Mwende kliniki kabla mwezi haujaandama, daktari amweleze mwenyewe, na ikibidi aketi pia na sheikh wa mtaa wenu, ambaye atamfafanulia ruhusa ya mgonjwa na fidia yake.